Mabati Ishirini na Nane

Kaka yangu Kondo tulimzika Chole, Kisarawe, Jumanne moja baada ya adhuhuri. Kabla jeneza halijanyanyuliwa, mtu mmoja mwenye sauti nzuri alisimama barazani akasoma wasifu wa marehemu. Nilikuwa ndani na wanawake wenzangu, nimekaa mkekani, mgongo ukutani, miguu yangu ya miaka sabini na mbili nimeinyoosha mbele kwa kuwa haikubali tena kukunjwa. Nikasikia kwamba marehemu alilima, alioa, aliutumikia ushirika, hakuwahi kugombana na mtu. Msibani kila mtu hupewa punguzo. Kisha yule bwana akaongeza: "Na katika wema wake, alimjengea mdogo wake wa kike nyumba Kibaha, zama zile za shida, hata sabuni ilikuwa ya foleni." Wanawake wakanigeukia. Mmoja akanishika mkono akasema, "Kaka wa namna hiyo hawazaliwi tena, Mwamvita." Nikainua macho juu, nao wakadhani namwomba Mungu. Nilikuwa nahesabu mabati. Nyumba ile ya Kondo haina dari, kila bati linaonekana kutoka chini, limeshika kutu rangi ya chai ya rangi. Kumi na manne upande wa baraza, kumi na manne upande wa uani. Nikarudia kuhesabu, si kwa kuwa nilisahau, bali kwa kuwa sina tabia ya kuhesabu kitu mara moja. Ishirini na nane. Nje yule bwana akauliza, kama ilivyo ada, iwapo yupo mtu anayemdai marehemu, ajitokeze kwa watoto wake au amsamehe. Watu wakanyamaza. Na mimi nikanyamaza, ila kimya changu hakikuwa sawa na chao.

Kwa hiyo nitaueleza mwaka mmoja tu. Ni ule uliofuata vita vya Kagera, na kwangu ulikuwa na miezi kumi na tisa. Nilikuwa karani wa taipu katika kiwanda kimoja cha Kibaha, sijaolewa, na nilikuwa na nyumba Sofu: vyumba viwili, stoo moja, jiko la nje, na choo ambacho mlango wake ulikuwa gunia. Sofu ya siku hizo ilikuwa vichaka na nyumba za kuhesabika. Nilijenga kwa mkopo wa benki. Siku ya kuomba huo mkopo, ofisa aliangalia fomu yangu, akaangalia nyuma yangu kama kwamba kuna mtu nimemficha, akauliza, "Na mwenyewe yuko wapi?" Nikamwambia mwenyewe ni mimi. Akasema benki haiwezi kumkopesha binti peke yake, niende nikamlete mwanamume, mume au baba au kaka, yeyote mwenye suruali. Nikamleta Kondo. Nauli yake nilitoa mimi, chapati mbili na soda nilinunua mimi, na viatu alivyovaa vilikuwa vya jirani yangu. Ofisa akafurahi, akaandika jina la Kondo juu na langu chini. Nilipouliza kwa nini yeye awe juu wakati mshahara ni wangu, akajibu, "Jina la mwanamume hutangulia, dada, ni mpangilio tu." Ni mpangilio tu. Nimewahi kupanga bei ya mihogo, ya nyumba, ya kuku mwenye mguu mmoja, lakini sijawahi kulipia kitu ghali kama ule mpangilio.

Deni lilipobaki shilingi elfu sita nikakaa na makaratasi nikapiga hesabu. Nilikuwa nalipa mia na tisini kwa mwezi, na katika hizo kama arobaini zilikuwa riba, yaani zinaliwa na benki kabla hazijagusa deni langu. Kwa mwendo ule ningemaliza baada ya miaka mitatu. Na miaka mitatu sikuwa nayo, kwa sababu ya Jumapili. Kila Jumapili Kondo alikuja kula. Alikula wali wa nazi na kisamvu, akajifuta mdomo, kisha akazunguka nyumba akigonga kuta kwa kifundo cha kidole. Jumapili moja nilikuwa stoo napima mchele nikamsikia anazungumza uani na Anastazia, nesi wa kutoka bara niliyempangisha chumba cha mbele. "Mwezi ujao kodi utanipa mimi," Kondo anamwambia. "Dada yangu namwachia akae tu, lakini kwenye faili la benki nyumba ni yangu. Na hiki chumba chako jiandae, namleta mke wa pili." Anastazia, ambaye alikuwa amezoea kuwaamuru wagonjwa wageuke wachomwe sindano, akamjibu, "Shemeji, mimi kodi nampa anayeziba bomba likipasuka. Wewe hata ndoo sijakuona umeshika." Akacheka Kondo, akaenda zake. Mimi sikucheka. Nilimwaga ule mchele nikaupima upya. Nikajua kwamba siku deni likiisha, hati itatoka, na aliye juu kwenye faili anaweza kuichukua. Lazima limalizike mapema, yeye akiwa bado anadhani kuna miaka mitatu ya kula wali.

Nikahama chumbani kwangu. Chumba cha pili nikampangisha fundi wa kiwandani, mimi nikalala stoo, kati ya gunia la mkaa na pipa la maji, kichwa mlangoni kwa kuwa miguu haikuenea upande mwingine. Vyumba viwili kwa sabini, mia na arobaini. Zilizobaki zilitoka kwenye mihogo. Wakati huo sukari ilikuwa ya kibali, unga wa ngano wa kujuana, na sembe iliyofika dukani ilikuwa ya njano, hata kuku waliiangalia mara mbili. Muhogo haukuhitaji kibali. Nilipata magunia Chole, yakaja juu ya lori la mkaa, nikachemsha kwa nazi na chumvi, na kabla kazi haijaanza nikasimama langoni pa kiwanda nikauza kwa wanaotoka zamu na wanaoingia. Kisha nikanawa mikono, nikaingia ofisini kupiga taipu. Bosi wangu alinikuta siku moja nimeshika ungo. "Karani wa ofisi yangu anauza mihogo?" akauliza. Nikamwambia, "Hapana bosi, anayeuza ni mwenye nyumba. Karani anaanza saa moja na nusu." Akanunua vipande viwili, akataka cha tatu cha nyongeza. Sikumpa. Faida ya mihogo ilikuwa mia kwa mwezi, haikupungua kwa kuwa sikuiruhusu. Mia na mia na arobaini, hizo ndizo nilizoongeza juu ya kila rejesho. Badala ya mia na tisini nikawa napeleka mia nne na thelathini. Miezi kumi na mitano, nilijiambia, na nitalala kitandani kwangu. Nilikula mlo mmoja na nusu kwa siku. Ule nusu ulikuwa mihogo iliyovunjika, isiyouzika.

Nilipeleka hela hizo mwenyewe kwenye dirisha la benki, mjini, mara saba. Mara saba karani wa dirishani alihesabu, akagonga muhuri, akanipa stakabadhi iliyoandikwa mia nne na thelathini. Mara ya nane, kabla sijafungua leso, nikamwomba aniandikie deni lililobaki. Mimi nilitegemea elfu tatu na mia mbili na kitu. Akaniandikia elfu nne mia tisa na thelathini. Nikamwambia arudie. Akarudia. "Ziada haipunguzi deni, dada," akasema, bila kunitazama. "Ziada inakaa pembeni mpaka mteja atoe maelekezo." Nikamwambia mteja ndiye huyu amesimama, na maelekezo anayatoa sasa hivi. Akavuta faili, akalifungua, akalamba kidole. "Mteja wa kwanza tulimwandikia barua. Amekuja wiki iliyopita. Elfu moja mia sita na themanini, kachukua taslimu." Akanigeuzia karatasi. Ilikuwa sahihi ya Kondo, ile K yenye mkia mrefu kama mjeledi wa anayechapa punda. Nimesema nina miaka sabini na mbili. Bado naikumbuka harufu ya gundi ya lile faili, na mpaka leo nikipita benki yoyote meno yangu yanakazana yenyewe.

Nikapanda juu kwa meneja. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi. "Mambo haya ungekuja na mumeo," akasema. Nikamwambia sina mume. "Basi mlete kaka yako tuelewane." Nikamwambia, "Mzee, kaka ndiye aliyekula." Akacheka, akadhani ni mzaha. Alipoona sicheki akanyoosha shati, akanieleza taratibu: ili ziada ipunguze deni, mteja wa kwanza aandike barua. Ili hati itoke kwa jina langu peke yangu, mteja wa kwanza aandike barua ya kujitoa. Kila mlango niliougusa ndani yake alikuwa amekaa Kondo. Nilishuka ngazi, nikalipa mia na tisini tu, nikakunja mia mbili na arobaini zangu kwenye leso, nikaifunga mafundo mawili.

Kesho yake nilibaki ofisini wakati wa chakula cha mchana, nikaingiza karatasi na kaboni kwenye mashine, nikapiga barua mbili, kila moja nakala tatu. Ya kwanza ilisema: mimi Kondo nimechukua fedha za dada yangu, shilingi elfu moja mia sita na themanini, naahidi kuzirudisha. Ya pili ilisema: mimi Kondo sina haki yoyote katika nyumba ya Sofu, najitoa, na ziada yote anayolipa dada yangu, tangu sasa, ipunguze deni. Jumamosi nikaenda Chole. Niliiona nyumba yake kabla ya kumwona mwenyewe, kwa sababu iling'aa. Alikuwa na kibali cha mabati tangu mwaka juzi, kilichokuwa kinakosekana ni hela. Sasa mabati yalikuwa juu, mapya, chaki ya dukani haijafutika, na jua linayapiga mpaka unakunja uso. Shilingi sitini bati moja. Nikahesabu kutoka njiani. Kumi na manne. Nikazunguka uani kama mtu anayetafuta choo. Kumi na manne. Ishirini na nane mara sitini ni elfu moja mia sita na themanini. Hata nauli ya kuyasafirisha hakutoa mfukoni kwake, yaliletwa na lori la mkaa, lile lile la mihogo yangu.

Mke wake, wifi yangu Hadija, akanikaribisha na chai isiyo na sukari. Watoto walikuwa wamelala sakafuni mchana ule, mahali palipokuwa pakivuja. "Mvua ya mwaka huu haitatukuta," akaniambia, na macho yake yalikuwa na furaha ya kweli. "Kaka yako kajibana, wifi. Hata sigara kaacha." Nilishikilia kikombe. Hasira ikikutana na mtu asiye na kosa inakuwa haina pa kwenda, inarudi tumboni kukaa na ule mlo na nusu. Nikamwambia, "Hongera, wifi. Yamependeza." Na yalikuwa yamependeza. Hilo nalo sijamsamehe Kondo, kwamba alinifanya niyasifu.

Kondo alikuja, akakaa juu ya kinu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mbona macho juu juu? Usihesabu paa la mtu, mtoto we, ni mkosi."

"Nimeshamaliza kuhesabu. Nimeleta karatasi. Chagua moja, tutie sahihi mbele ya mjumbe."

Alizisoma taratibu, midomo inacheza. Ile ya kwanza aliishika kwa ncha za vidole. "Hii ukiipeleka kwa mjumbe, kesho kijiji kizima kinajua. Mimi ni mtu wa ushirika, nashika hela za watu."

"Ndiyo maana nimeipiga nakala tatu."

"Mwamvita. Watoto walikuwa wanalowa."

"Ungesema. Ningekukopesha, kwa maandishi, bila riba."

"Mwanamume akaombe kwa mdogo wake?"

"Si ulikwishakopa? Tofauti ni kwamba hukuniuliza."

Kuku akapita kati yetu. Mimi nimekaa sokoni vya kutosha, najua kimya cha mnunuzi aliyekwisha kukubali bei na sasa anatafuta nyongeza ili asionekane kashindwa. "Nitatia ya pili," akasema. "Nyumba yako siitaki, kwanza ina choo cha gunia. Lakini na wewe unipe kitu. Nikiwa hai, habari ya mabati haya usiitamke mbele ya watu. Hata mbele ya Hadija." Nikapiga hesabu haraka. Hela zilikuwa zimeshakuwa mabati, na mabati siwezi kuyabandua juu ya vichwa vya watoto. Nyumba na maelekezo ya benki, kwa bei ya kufunga mdomo. Nikaona ni rahisi. Nikasema, "Nimekubali." Mjumbe wa nyumba kumi akagonga muhuri juu ya zile nakala tatu, akauliza, "Kwani mnauziana nini nyie?" Kondo akajibu, "Namwachia mdogo wangu nyumba." Mjumbe akampa mkono kwa ukarimu wake. Nilikuwa bado nimesimama pale pale, na biashara yangu ilikuwa imeshaanza kunila.

Nililipa miezi kumi na mmoja mingine. Wizi ule ulinigharimu miezi minne ya stoo, minne kamili, nilikokotoa: ilipaswa kuwa kumi na mitano, ikawa kumi na tisa. Siku niliyopokea hati, jina langu peke yangu juu ya karatasi nene, yule yule karani wa dirishani aliniuliza kama mume wangu atafurahi. Nikamwambia atafurahi sana, nikimpata. Nilirudi Sofu, nikachinja kuku, nikapika wali, nikawaita Anastazia na fundi tukala uani mchana kweupe. Haikuwa Jumapili, lakini Kondo alitokea, sijui nani alimwambia. Akanawa mikono, akachukua paja, akawatangazia wapangaji wangu: "Alhamdulillahi. Tumemaliza deni." Anastazia akanitazama, akangoja niseme neno. Nikaangalia sahani yangu. Nilikuwa nimeahidi.

Neno lile halikukaa lilivyo. Nimelifuatilia miaka yote hii jinsi mtu anavyofuatilia bei. Kwanza ilikuwa "nilimdhamini," na hapo palikuwa na ukweli kidogo. Baadaye harusini kwa mtoto wake ikawa "nilimsaidia kujenga." Kisha "tulijenga." Alipopata wajukuu ikawa "nilimjengea." Kila ilipopanda mimi nilikuwepo, mdomo umefungwa, nakula pilau. Mimi ninayejisifu kwa kupatana bei niliuza kitu ambacho sikukipima. Nilidhani nauza kimya juu ya mabati, kumbe nauza na nyumba yenyewe: ukuta nilimwachia, hapana, ukuta nilibaki nao, ila kila mtu aliyeuangalia alimwona Kondo. Ile mihogo, lile gunia la mkaa sikioni, ule mlo na nusu, vyote vilikuwa vya kwake. Lakini maneno ya mapatano nayakumbuka, na maneno nayo nayahesabu mara mbili. Alisema: nikiwa hai.

Siku ya tatu ya msiba, wageni walipopungua, nikamwita mwanawe mkubwa, Shabani, mwalimu mstaafu na mtu wa swala. Nikamwambia, "Mmeuliza nani anamdai marehemu. Namdai mimi."

Akashtuka. "Shangazi, kiasi gani?"

Nikamwonyesha juu. Nikamweleza yote kwa mpangilio, nikampa nakala yangu ya barua, kaboni imefifia lakini muhuri unasomeka, na stakabadhi saba. Alizisoma moja moja. Alikuwa mmoja wa wale waliolala sakafuni siku ile. Mwisho akasema, "Nitauza ng'ombe. Nitakulipa kwa bei ya leo."

"Sitaki ng'ombe. Yale mabati yamekufaa, yamekukinga, yashaisha. Nataka sentensi mbili. Siku ya arobaini mtasoma tena wasifu. Ile iliyosema alinijengea ifutwe, ziingie hizo: moja ya nyumba, moja ya paa."

"Shangazi, mbele ya watu wote? Si tungeandika tu kimya kimya…"

"Kimya kimya nimekaa mimi, mwanangu. Muda wangu wa kimya umekwisha Jumanne, baada ya adhuhuri. Mbele ya watu wale wale, kwa sauti ile ile, au siku hiyo nitajitokeza mwenyewe, na mimi sitatumia sentensi mbili."

Siku ya arobaini nilikaa mahali pale pale, mgongo ukutani. Shabani alisoma mwenyewe. Alisoma ya kilimo, ya ndoa, ya ushirika. Akasoma: "Mdogo wake Mwamvita alijenga nyumba yake Kibaha kwa mshahara wake na kwa kuuza mihogo, akamaliza deni kabla ya wakati." Wanawake wakanigeukia, safari hii hakuna aliyenishika mkono. Kisha Shabani akasita. Mlango ulikuwa wazi, ananiona. Akakunja karatasi kidogo, kama anayetaka kumaliza. Nikainua kidole kimoja, nikakielekeza juu, nikakiacha huko. Akaikunjua karatasi. "Na paa hili," akasoma, sauti imeshuka, "liliezekwa kwa fedha zake, ambazo marehemu alizichukua bila kumwambia. Tunamwomba amsamehe." Wifi yangu Hadija, mzee sasa, haoni vizuri, alikuwa pembeni yangu. Akaniuliza polepole, "Yote, wifi? Na ya uani?" Nikamwambia, "Yote. Ishirini na nane." Akainamisha kichwa, akalia, sikujua analilia nini, sikumuuliza.

Nikasema nimemsamehe, kwa sauti, wakasikia mpaka barazani. Deni nimelifuta na karatasi nimempa Shabani. Ila hasira haikuondoka na karatasi, niliondoka nayo, nikapanda nayo gari mpaka Sofu, nikafungua mlango wa nyumba yangu, nikaingia moja kwa moja mpaka stoo. Nikasimama pale kwa muda, kati ya pipa na mahali lilipokuwa gunia la mkaa, nikisubiri mtu yeyote aje aniambie nyumba hii ni ya nani.